Nchi Ilingane na Bustani

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Sisi hatuogopi kitu, na tunayo sheria inayokataza kuogopa. Ni kwamba kulitaja kunahitaji kibali, na afisa wa vibali alikwenda likizo mwaka ule mke wangu alipojifungua kifungua mimba wetu, ambaye sasa ana ndevu. Kwa hiyo niseme tu nchi yetu. Wenye kuijua mnaijua, na msioijua mshukuruni Mungu wenu.

Mimi ni mtangazaji wa stesheni. Treni ikifika mahali, mimi hupiga kengele na kutaja jina la mji kwa sauti kubwa. Kazi hii niliianza katika reli kubwa, ile iliyokuwa ikitoka pwani mpaka milima ya magharibi, na kuku wake, vikapu vyake, watoto wachanga na askari waliopewa ruhusa. Siku hizi natangaza katika reli ndogo iliyomo bustanini mwa Ikulu. Mshahara ni ule ule, na kivuli kipo.

Reli ndogo ilikuja hivi. Kiongozi wetu, ambaye kwa mapenzi tunamwita Baba Mlezi, na asiyemwita hivyo hupewa muda wa kuyatafakari mapenzi yake, alikwenda ng'ambo kutibiwa goti. Alipopata nafuu wenyeji wake wakampeleka kumtembelea tajiri mmoja mzee aliyekuwa amejenga garimoshi katikati ya maua yake. Lilikuwa garimoshi la kweli, lenye moto na maji na moshi, ila kimo chake kiliishia gotini, na abiria walilipanda kwa kutanua miguu. Baba Mlezi akalipanda. Likamzungusha baina ya mawaridi, likapiga king'ora, naye akacheka. Mawaziri waliofuatana naye hawakuwahi kuyaona magego yake, na mmoja wao alianza kulia kwa mshtuko. Ndege ilipotua nyumbani walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba nchi inahitaji reli.

Katibu mmoja aliuliza kama ile tuliyokuwa nayo haitoshi. Huyo baadaye aliteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo hadi leo inatafutwa.

Chuma cha kujengea reli ndogo hakikuwepo, basi wakaing'oa reli kubwa wakaiyeyusha. Walianza magharibi. Treni ya mwisho ilitoka kule ikija mji mkuu, na nyuma yake, umbali wa kusikilizana, likaja kundi la wafungwa wakizing'oa reli na mataruma treni ikishapita. Aliyekuwa kwenye treni hiyo hakuweza tena kurudi alikotoka. Chuma kilichotumika bustanini kingeweza kubebwa na punda wanne. Kilichobaki hakijulikani kilikokwenda, na wataalamu wanasema chuma nacho, kikikaa sana juani, hugeuka mvuke.

Lakini nisiwe mtovu wa fadhila: ilijengwa vizuri. Upana wake ulikuwa shubiri moja. Mataruma yalichongwa kwa mninga, madogo mno, na kokoto zilichekechwa kwa chekecheo za unga. Boila ilikuwa ya shaba, kubwa kiasi cha sufuria la pilau ya harusi, na makaa ya mawe yalivunjwavunjwa mpaka yakalingana na korosho. Maji ya bomba yetu yana chumvi na huziba mabomba ya injini, kwa hiyo garimoshi lilikunywa maji ya mvua tu, na mvua ilipochelewa ilikaripiwa redioni. Siku king'ora kilipolia kwa mara ya kwanza nilisimama pale na kengele yangu mkononi machozi yakanitoka. Sauti ilikuwa ile ile ya reli kubwa, wameipunguza tu.

Na njia nzima ilikuwa nchi yetu. Ziwa lilikuwa karai la saruji, milima ilikuwa vichuguu vya udongo vilivyopandwa majani, na kila mji ulikuwa na stesheni yake, nyumba zake za mbao zisizozidi sanduku la viberiti, na kibao cha jina. Treni iliondoka mji mkuu, ikazunguka nchi yote, ikarudi mji mkuu kabla chai ya Baba Mlezi haijapoa.

Dereva alikuwa Hemedi Lukwaro. Ndiye aliyeiendesha ile treni ya mwisho, na kwa kuwa nchini hakukuwa na mwingine aliyejua kuuongoza mvuke, walimchukua pale pale jukwaani na sanduku lake. Kwake kulikuwa Mwalazi, mji wa mwisho magharibi, chini ya milima. Mkewe, Siwema, alibaki huko na shamba la karanga na nyumba yenye mlango wa buluu. Kwenda kwa miguu kulihitaji kibali, na habari za afisa wa vibali mnazo. Hivyo Hemedi alikuwa na mke upande mmoja wa nchi naye akawa upande wa pili, na hakulalamika, ila alipopewa kazi ya kutia rangi nyumba za stesheni bustanini, pale Mwalazi alipaka mlango mmoja buluu.

Likazuka tatizo la heshima. Kwetu ni mwiko kumpa Baba Mlezi mgongo. Watu hutoka mbele yake kinyumenyume, na mawaziri wenye umri mkubwa wamekwisha kuvunjika nyonga kwa adabu hiyo. Sasa dereva wa garimoshi huketi mbele na abiria nyuma, na abiria alikuwa Baba Mlezi mwenyewe, katika behewa lenye kiti cha mahameli. Mgongo wa Hemedi ungelikabili taifa zima. Wanasheria walikaa, wakala, wakakaa tena, wakaamua kwamba Hemedi aendeshe akiwa ameelekea nyuma.

Ili aone njia alishikiwa kioo. Aliyeteuliwa kukishika ni Waziri wa Uchukuzi, Mheshimiwa Ndulute, ambaye tangu reli kubwa ing'olewe wizara yake haikuwa na la kufanya. Alikuwa akikimbia ubavuni mwa treni, suti na tai, kioo cha basi kimenyanyuliwa, jasho likimtiririka. Hemedi alisoma njia kiooni, akatia makaa kwa kupapasa mgongoni, na muda wote macho yake yalitazamana na ya Baba Mlezi, magoti yao yakikaribia kugusana.

Nasema haya kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitokana na kukaa huko uso kwa uso.

Kwanza lakini niwaeleze namna nchi ilivyohamia bustanini. Ilikuja habari kwamba kusini kuna njaa. Baba Mlezi hapendi habari, hupenda kuona kwa macho yake, akataka apelekwe. Kwa treni haikuwezekana, reli ilikuwa imeyeyushwa. Kwa barabara haikuwezekana pia, maana barabara ilikuwa ikifuata reli. Mheshimiwa Ndulute akawaza haraka, akampandisha garimoshi na kumpeleka stesheni za kusini pale nyuma ya mabafu. Baba Mlezi akachungulia, akaona majani mabichi, akatamka kwamba kusini kumenawiri. Magazeti yakaandika. Mahindi yaliyokuwa yamepakiwa yakapakuliwa.

Tangu hapo lililotokea bustanini likahesabika kuwa limetokea nchini. Kuku wa mpishi alipopenya ua na kuparua mikoa ya mashariki, ilitangazwa hali ya hatari na vijana wakaitwa jeshini. Kuku alihukumiwa kwa uvamizi, akaliwa na Baraza la Usalama. Bwana Shamba wa Taifa alipoacha mpira wa maji wazi karibu na stesheni ya Matuwi, wakazi wa Matuwi waliamriwa wapande juu ya mapaa kujiokoa. Matuwi ilikuwa na ukame wa mwaka wa pili. Walipanda, wakakaa huko juani mpaka amri ilipotenguliwa, na wazee wawili walikufa kwa kiu katika mafuriko hayo. Rambirambi zilipelekwa stesheni ya Matuwi, nikazisoma mimi mwenyewe mbele ya nyumba za viberiti.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilifurahi kuona msemo wa wazee umepata wizara.

Sasa turudi kwa nyuso mbili. Mtu aliyeketishwa mbele ya mwenzake kila siku hana budi kumtazama, na Baba Mlezi alimtazama Hemedi. Aliuona uso wa dereva ulivyo mkavu mji mkuu, mkavu ziwani, mkavu kusini kote. Lakini walipofika Mwalazi, wakipita ule mlango wa buluu, uso ule ulilegea na midomo ikafunguka kidogo. Hemedi mwenyewe hakujua. Baba Mlezi alijua, akaungoja siku kadhaa, na kila mara ulikuja pale pale.

Asubuhi moja akamwuliza kwa upole mbele yetu sote, "Lukwaro, pale pana nini?"

"Pana kwangu, Baba."

"Na pale stesheni ya mji niliozaliwa mimi, pana nini?"

Hemedi ni mtu mkweli, na ukweli ni ugonjwa usio na dawa katika umri ule. Akafikiri, akajibu, "Pana stesheni, Baba."

Baba Mlezi akacheka kidogo, akatia mkono mfukoni, akampa peremende. Sisi tuliokuwepo tuliinamisha vichwa, kwa kuwa tunajua ni watu gani hupewa peremende. Hemedi akaila.

Kesho yake Mwalazi haikuwepo. Nyumba zilikuwa zimeng'olewa, kibao kimetolewa, udongo umesawazishwa na kupandwa mchicha. Treni ilipofika hapo nilifungua kinywa kwa mazoea. Mheshimiwa Ndulute akanitikisia kichwa, nikakifunga. Hemedi, kwa vile alielekea nyuma, aliona kila mji baada ya kuupita, basi aliona tuta la mchicha likijitokeza taratibu mahali ulipokuwa mlango wake, likaenda zake. Uso wake ulibaki mkavu. Baba Mlezi akaegemea kitini akashusha pumzi ya mtu aliyetolewa mwiba.

Hemedi aliomba msamaha. Alipitia kwa Waziri, akaahidi kuuchunga uso wake, na ikibidi aendeshe akiwa amejifunika shuka. Jibu lilirudi kwamba Baba Mlezi hajamkataza mtu kutabasamu. Ameondoa tu sababu.

Labda mambo yangeishia hapo, kama si wataalamu wa takwimu. Walifanya hesabu wakagundua aibu kubwa: nchi ilikuwa na mji mmoja zaidi ya bustani. Nchi ilikuwa imezidi. Palikuwa na njia mbili za kurekebisha, ama kurudisha stesheni, ama kuondoa mji. Ya kwanza ingemaanisha kwamba Baba Mlezi alikosea, kwa hiyo haikujadiliwa. Ya pili ilipitishwa kwa makofi, ikapewa kaulimbiu iliyochapwa kwenye kanga, fulana na madaftari ya shule: NCHI ILINGANE NA BUSTANI.

Matingatinga yakaondoka mji mkuu kuelekea magharibi, yakifuata tuta tupu la reli ya zamani. Mwendo wake ulikuwa wa konokono. Yalitazamiwa kufika Mwalazi siku ya Sherehe ya Mlingano, ambapo mabalozi wangealikwa bustanini na watoto wa shule wangeimba.

Kuanzia siku hiyo Hemedi alikonda. Alikuwa akiketi penye pipa la maji ya mvua, akifuta injini iliyokwisha kufutwa. Hakuwa na njia ya kumwonya Siwema. Barua za Mwalazi zilikuwa zikirudishwa na posta kwa kuwa hakuna mji wa jina hilo, na asiyekuwapo na lake halipo. Nilimhurumia. Nasema hivyo waziwazi, nilimhurumia sana, nikamgawia nusu ya muhogo wangu.

Pale pipani ndipo aliponikumbusha sheria ya garimoshi. Zamani kidogo jani la mgomba lilianguka njiani, gurudumu likashindwa kupita, na waziri mmoja aliyekuwa kando akaropoka kwamba treni imekwama. Akapewa peremende, hatukumwona tena. Ikatungwa sheria kwamba Garimoshi la Taifa haliharibiki wala halikwami, likisimama, limefika. Na mahali lilipofika ni mji. Na mji ambao Baba Mlezi ameshuka na kuukanyaga ni urithi wa taifa, haubomolewi milele.

"Likisimama, wewe utataja?" Hemedi akaniuliza.

Nikamwambia kazi yangu ni kutaja mahali treni ilipofika.

"Basi utaje, ndugu yangu. Sikuombi kingine."

Sikumwahidi kitu. Tulimaliza muhogo, nikaenda kufuta kengele.

Siku ya Sherehe bustani ilijaa. Mabalozi walikaa chini ya turubai wakijipepea, watoto wakaimba wimbo wenye beti nyingi kuhusu ulinganifu, na Baba Mlezi, kifua kizima nishani, akapanda kitini pake pa mahameli. Tuliondoka. Garimoshi likapanda kusini, likateremka ziwani, na mimi kwa kuwa nilikuwa nikitembea kando niliona Hemedi hapapasi tena makaa. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Moto ulikuwa unajifia wenyewe, na mshale wa kipimo cha mvuke ukirudi chini. Tulipokunja kona ya magharibi injini ilianza kukohoa. Ikavuta hatua moja, ikapumua, ikavuta nyingine. Penye tuta la mchicha ikasimama.

Mheshimiwa Ndulute alikigeuza kioo huku na huku akitafuta njia, mpaka jua likawa linacheza kwenye nyuso za mabalozi. Watoto walinyamaza katikati ya ubeti. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakubwa wote wa nchi yetu wakanigeukia mimi, kwa maana treni ilikuwa imefika, na hakuna aliyejua imefika wapi.

Mimi si shujaa, na naomba jambo hilo lieleweke popote litakapohitajika kueleweka. Nilikuwa nimelitaja jina lile tangu ujanani, na mahali pale kinywa changu hakikujua jina jingine. Nikapiga kengele. Nikasema, "Mwalazi."

Mabalozi, ambao hawakujua lolote, wakapiga makofi. Yakaenea. Baba Mlezi alimtazama Hemedi kwa muda, akanitazama mimi. Halafu akanyanyuka, akashuka, akaweka kiatu chake juu ya mchicha. Nikamwona Hemedi amefumba macho, midomo ikitembea, na nikajua anamshukuru Mungu. Mji ulikuwa umekanyagwa. Mji ulikuwa umepona.

Baba Mlezi akatembea huku na huku tutani. Akachuma jani, akalitafuna.

"Mji mzuri," akasema. "Hauna kelele. Hauna hata mtu." Akatema jani. "Usiguswe. Ubaki hivi hivi kama nilivyoukuta."

Amri ilipelekwa magharibi jioni ile ile. Kwa kuwa Mwalazi sasa ni urithi wa taifa, ilitakiwa ihifadhiwe katika hali ambayo Baba Mlezi aliiona kwa macho yake, yaani mchicha mtupu usio na watu. Matingatinga hayakurudishwa. Yaliongezewa mbegu, na lori la askari wa kusimamia hali ya kutokuwa na watu.

Kuhusu Hemedi, Baba Mlezi hakukasirika hata kidogo. Alimshika bega mbele ya wageni akamwambia, "Umenifikisha kwenu, Lukwaro. Nawe umefika. Mtu akifika kwao hushuka."

Wakamletea sanduku lake. Wakamshusha mchichani, na injini ikasukumwa kwa mikono hadi mji mkuu huku tukielezwa kwamba haisukumwi. Ilitangazwa redioni kwamba dereva mzalendo, baada ya utumishi mrefu, amerudishwa nyumbani Mwalazi kwa heshima zote. Akajengewa kibanda cha mabati cha kulala. Kutoka mjini kwao alihitaji kibali kama raia mwingine yeyote, na askari wawili waliwekwa kwenye kamba iliyozunguka tuta kumsaidia asisahau. Akawa idadi yote ya watu wa Mwalazi. Wakati wa kuhesabu kura alipiga asilimia mia moja.

Dereva mpya ni shemeji yake Ndulute. Huyu hutabasamu njia nzima, kila stesheni kwa kipimo kile kile, na hata kitandani, mkewe anasema, huendelea kutabasamu.

Miezi ikapita. Habari za ule mji mwingine wa magharibi sikuzisikia wala sikuziuliza, maana kuuliza kungekuwa ni kusema kuna miji miwili. Nikipita na treni nilitaja, "Mwalazi," na Hemedi, popote alipokuwa tutani, alinyanyua kichwa. Alikuwa ameanza kuongea na mimea. Nilimwachia muhogo kwenye kamba, askari wakajifanya hawaoni. Si watu wabaya.

Kisha mvua za vuli zilipokatika alikuja mwanamke.

Nyuma ya tuta lile kuna ukuta wa Ikulu, na ukutani pana lango dogo la watu wa taka. Nilikuwa nimeketi hapo nikingoja treni ya asubuhi. Nikasikia sauti ya kike nje, imekauka, ikisalimia kwa adabu. Alisema ametoka Mwalazi kwa miguu, alifuata tuta la reli, na anamtafuta mumewe ambaye redio ilisema amerudishwa nyumbani. Yeye alikuwa nyumbani, akamngoja, hakumwona. Zikaja mashine. Basi amekuja kuuliza kama wamekosea njia.

Nilichungulia kwenye upenyo. Nywele zilikuwa nyekundu kwa vumbi, miguu imevimba, na katika pindo la kanga alikuwa amefunga karanga. Kanga yenyewe ilikuwa imeandikwa ile kaulimbiu.

Mlinzi wa lango alikuwa kijana mwenye malezi mazuri. Akamwita mama, akampa maji, akamweleza kwamba Mwalazi imo humu ndani, na anayetoka Mwalazi lazima atokee ndani. Yeye ametokea nje. Sasa ametokaje Mwalazi?

"Mwanangu," mwanamke akasema, "mimi nimetoka kule kulikokuwa na watu."

Kijana akaona jambo limemzidi kimo, akanigonga bega kupitia upenyo, kwa kuwa mambo ya majina ya miji mimi ndiye mwenye kauli. Akaniuliza, shikamoo mzee, Mwalazi iko ndani au iko nje?

Nilimtazama yule mama. Nikatazama nyuma yangu, nikakiona kibao kipya na mchicha umestawi. Nikasema iko ndani. Ndivyo sheria inavyosema, na tena ilikuwa kweli, nilikuwa naiona.

Hemedi alikuwa ameinuka. Sijui alisikia nini, maneno au sauti ya yule mama tu. Alisimama katikati ya tuta, mikono ina udongo, akaita jina la mkewe. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

"Siwema."

Ng'ambo ya ukuta, bila kusita, mwanamke akaitika, "Abee."

Treni ilikuwa imekunja kona. Baba Mlezi akaashiria isimame, ikafika. Akageuza sikio upande wa ukuta. Hemedi, ambaye hakuwaona, akaita tena, na tena akaitikiwa, safari hii sauti ikiwa karibu zaidi, kwa maana mkewe alikuwa ameuegemea ukuta.

Baba Mlezi akauliza ni nani anayeitika, wakati Mwalazi ina mtu mmoja.

Mheshimiwa Ndulute aliangalia kioo chake kana kwamba jibu limo humo. Akasema ni mwangwi, Baba. Wote wakakubali kwamba ni mwangwi. Nami niliulizwa, nikakubali.

Baba Mlezi akafikiri. Akasema katika nchi yake hajawahi kuagiza mwangwi, na kitu kinachorudisha maneno ya watu bila kuagizwa si kitu cha kuachwa kikizurura. Mwangwi huo utafutwe.

Askari wawili walivuka kamba, wakatoka kwa lango dogo, wakalifunga nyuma yao. Mimi nikapiga kengele, tukaondoka. Tulipozunguka nchi yote na kurudi, Hemedi alikuwa ameweka viganja vyote viwili ukutani, anaita. Alipomaliza kuita alingoja, akaweka sikio, akaita tena. Hakukuwa na mwangwi.